Mchagua Nazi Naye Apimwe

Ndugu msomaji, mimi ni mzee wa miaka sabini na ushei, mwalimu mkuu mstaafu, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshindwa kuutibu. Saa kumi alfajiri, wazee wenzangu wanapoamka kwa ajili ya ibada, mimi nakuwa nimeshaketi sebuleni nikitazama mpira wa kikapu wa Marekani. Mapenzi haya niliyapata chuo cha ualimu. Tulicheza kwenye uwanja wa udongo, pete ya chuma imepigiliwa kwenye nguzo ya mti, bila wavu, na mpira ukitoka nje ulikuwa unaishia kwenye shamba la mihogo la chuo.

Kwa hiyo haya nitakayoyasema si ya mtu anayeudharau mchezo. Ni ya mpenzi wake aliyechoshwa na jambo moja. Katika ligi ile ya NBA kijana anayechaguliwa hupimwa kila usiku mbele ya dunia nzima, lakini yule aliyemchagua hupimwa kwa nadra, na mwenye timu aliyemwajiri mchaguaji huyo hapimwi kabisa. Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Mimi naongeza kwamba akishaipata koroma yake, asiilaumu koroma.

Kwanza nieleze utaratibu wenyewe. Wanauita drafti, na si ile ya kete tunayocheza kibarazani. Kila mwaka timu 30 hugawana vijana wapya kwa zamu, kila mmoja kwa jina lake, na kijana hana kauli juu ya mji atakaopelekwa. Timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulizwa kuchagua, ili nazo zinyanyuke. Kwa juujuu wazo hilo ni la haki. Hata sisi walimu humketisha mtoto mzito wa kuelewa kwenye dawati la mbele.

Lakini mtoto akishagundua kwamba anayefeli ndiye anayepewa zawadi, atafeli kwa bidii. Ndivyo ilivyotokea. Ili kuzuia timu zisipoteze michezo kwa makusudi, mwaka 1985 ligi iliweka bahati nasibu ya kupanga nani atangulie. Haikutosha. Tazama Philadelphia 76ers. Kuanzia msimu wa 2013-14 walishinda michezo 19 kati ya 82, msimu uliofuata 18, na msimu wa tatu 10. Uongozi uliita hali hiyo mpango, na mashabiki waliokata tiketi waliombwa wauamini. Mwaka 2019 ligi ikapunguza nafasi ya timu ya mwisho kupata chaguo la kwanza kutoka asilimia 25 hadi 14. Dawa hiyo imeshusha homa, haikuondoa ugonjwa. Mimi ningekuwa mwalimu mkuu wa shule inayojifelisha miaka mitatu mfululizo, nisingefikisha mwaka wa pili.

Sasa nije kwetu. Mwezi Juni 2009 Memphis Grizzlies walikuwa na chaguo la pili, na wakamtaja Hasheem Thabeet, kijana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, mwenye urefu wa zaidi ya futi saba. Alikuwa ameanza kuucheza mchezo huu akiwa kijana mkubwa tayari, akaenda Marekani, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut akapata sifa kubwa kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Mtanzania wa kwanza kufika huko! Mimi, mtu mzima, nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi.

Furaha ile haikudumu. Msimu wake wa kwanza alipewa wastani wa dakika kama 13 kwa mchezo. Februari 2010 akateremshwa kwenye ligi ndogo, na hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi chake aliyewahi kuteremshwa huko. Februari 2011 akapelekwa Houston, baadaye Portland, kisha Oklahoma City. Mwaka 2014, akiwa na miaka 27, safari yake ya NBA ikaisha. Baada ya hapo ameendelea kuucheza mchezo wake katika nchi nyingine, Japani na Taiwan zikiwemo.

Nenda kijiwe chochote cha kahawa uulize habari zake. Utaambiwa, "Mwalimu, yule kijana alikuwa mrefu tu." Marekani nako jina lake hutajwa kila wanapoorodhesha makosa ya drafti. Husemwa Memphis walimkosa James Harden aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry aliyechukuliwa wa saba. Ni kweli. Lakini sikiliza lugha yenyewe: kosa la drafti linaitwa kwa jina la kijana! Curry alipitwa na timu tano kabla ya kufikiwa. Je, wakuu wa timu hizo tano wanatajwa kijiweni? Hata shabiki mkereketwa hawezi kukutajia wawili.

Mimi nauliza maswali ya kiualimu. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, kijana anayecheza nafasi ileile ya Hasheem, ambaye mwaka 2013 alikuja kutangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Ikiwa una mwalimu mzuri wa hesabu, kisha ukaletewa mwingine mchanga wa hesabu, utampa darasa gani? Kijana aliyeanza kucheza akiwa amechelewa anahitaji muda na mwalimu wake wa karibu. Timu ilijua umri wake na historia yake kabla ya kulitamka jina lake. Haikudanganywa na mtu.

Najua nitajibiwa kwamba Hasheem alilipwa mamilioni ya dola, basi asionewe huruma. Simwonei huruma ya fedha. Mshahara ni malipo ya kazi, si malipo ya kubebeshwa kosa la mwingine. Wala sidai kwamba yeye hakuwa na upungufu. Mwanafunzi hufeli kwa sehemu yake. Ninachosema ni kwamba mwalimu naye ana sehemu yake.

Na hili silisemi kwa usafi wangu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu mkuu, nililetewa kijana aliyetoka chuoni wiki hiyo hiyo. Nilikuwa na upungufu wa walimu, nikampa darasa la saba, watoto zaidi ya tisini, na mtihani uko mbele. Sikuwahi kuketi nyuma ya darasa lake hata kipindi kimoja. Matokeo yalipotoka mabaya niliandika taarifa yangu kwa wino mweusi: hafai kufundisha. Akahamishwa. Mwalimu mkuu wa huko alimpa darasa la pili na kumweka karibu na mama mmoja mzoefu, akajifunza pole pole. Miaka kadhaa baadaye nilipita shuleni kwake. Watoto wake walikuwa wanasoma kwa sauti, wakipokezana sentensi, hakuna anayekwama. Aliponiona alitoka mlangoni, akafuta chaki mikononi, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia marahaba, nikatamani ardhi ipasuke. Taarifa yangu ilikuwa na sahihi yangu chini, lakini alama ya sifuri ilikuwa imeandikwa kwenye jina lake.

Kwa hiyo ninapowatazama wakuu wa timu wakimtupa kijana kutoka mji hadi mji, nawafahamu. Nilikuwa mmoja wao.

Inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2016 Toronto Raptors, wakiongozwa na Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, walimchukua Pascal Siakam wa Kamerun katika nafasi ya 27. Naye alianza mpira akiwa amechelewa. Naye alipelekwa ligi ndogo. Lakini alipelekwa kwenye timu ya Raptors wenyewe, akatwaa nayo ubingwa mwaka 2017 na kutangazwa mchezaji bora wa fainali hizo. Mwaka 2019 alikuwa nguzo ya Toronto ilipotwaa ubingwa wa NBA. Ligi ndogo ileile iliyoonekana kwa mmoja kuwa jela, kwa mwingine ilikuwa darasa.

Wamiliki je? Hapo ndipo kalamu yangu inapochemka. Donald Sterling aliinunua Clippers mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5, na kwa miaka mingi timu yake ilikuwa kichekesho cha ligi. Mwaka 2014 aliponaswa kwenye kanda akitoa maneno ya ubaguzi dhidi ya watu weusi, ligi ilimfungia maisha na kumtoza dola milioni 2.5. Kisha timu ikauzwa kwa dola bilioni 2. Nionyeshe mwanafunzi aliyefukuzwa shule akaondoka na jengo la shule mfukoni! Seattle nao walikuwa na timu tangu 1967, iliyotwaa ubingwa mwaka 1979. Wamiliki wapya waliponyimwa fedha za umma za kujenga uwanja mpya, mwaka 2008 waliihamishia Oklahoma City. Watoto wa Seattle walilala wana timu, wakaamka hawana.

Na Februari 2025 Dallas Mavericks walimtoa Luka Dončić, kijana aliyewafikisha fainali mwaka uliotangulia, wakampeleka Los Angeles. Mashabiki walilia hadharani. Miezi mitatu baadaye timu hiyohiyo ikashinda bahati nasibu ya drafti ikiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu. Meneja mkuu alifukuzwa Novemba 2025. Sawa, huyo walau alipimwa. Aliyeidhinisha bado amekaa kwenye kiti chake.

Basi nathubutu kupendekeza. Timu iliyochagua katika nafasi tano za juu, kisha ikamtupa kijana kabla ya miaka mitatu, drafti inayofuata isogezwe nyuma nafasi tano. Timu iliyomaliza miongoni mwa tatu za mwisho miaka miwili mfululizo, mwaka wa tatu isiingie kwenye bahati nasibu. Utaona jinsi walimu watakavyopatikana ghafla, na jinsi michezo ya mwezi Machi itakavyochezwa kwa jasho la kweli.

Najua hawatanisikiliza, mzee wa mbali asiye na hata hisa moja. Lakini wewe, msomaji, uko karibu. Safari ijayo kijana wa kwetu akichaguliwa juu, ukasikia baadaye kwamba ameshindwa, kabla hujalitaja jina lake kijiweni, uliza kwanza: alipewa darasa gani, na nani aliketi naye? Mimi sikuuliza. Ndiyo maana naandika.