Mahakama ya Zamani Isifungwe



Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili, niseme juu ya majumba ya mahakama ya zamani. Wako wasemao yabomolewe, na wako wasemao yafungwe yawe ya kutazamwa tu. Mimi sikubaliani na hao wala hawa.

Tazameni Mombasa. Karibu na Fort Jesus lasimama jengo la mahakama la mwaka 1902. Kesi zilihamia kwingine, na jengo likaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Limepona, nalo ni jambo jema. Lakini kwa maoni yangu Nairobi wamefanya vema zaidi: jengo la miaka ya 1930, lililochorwa na Herbert Baker, ndilo leo makao ya Mahakama ya Juu iliyoundwa kwa katiba ya mwaka 2010. Kuta zile zile, sheria mpya.

Kulitengeneza jengo la namna hiyo si mchezo. Kuta za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Fundi asiyejua huzipiga lipu ya saruji. Unyevu hufungiwa ndani, chumvi hutoka, ukuta humeguka. Basi chokaa irudishiwe chokaa. Vyumba vipya vijengwe nyuma, visiupite ukumbi wa zamani kwa urefu, na humo ndimo zikae nyaya, kompyuta na kabati za majalada.

Mtauliza, yatuhusu nini sisi wa Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe? Yatuhusu sana. Mahakama zetu za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kuamua kesi karibu 2,000,000, zilikaa nyasini. Hata jina lao latokana na nyasi. Twajua basi kwamba haki haihitaji nguzo za mawe. Lakini mvua ya huku twaijua pia! Mtu atokaye mbali ataka paa, benchi na choo. Tena majumba mengi ya wakoloni yalijengwa yamtishe mtu, kwa ngazi ndefu na meza ya hakimu juu kama mimbari. Ngazi zibaki, ila pembeni pawe na njia ya mteremko kwa mzee mwenye mkongojo na kwa mlemavu. Fedha zikiwa chache zianzie hapo, kabla ya rangi ya mbele.

Nanyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, mlio sasa maofisini, ramani ziletwapo mezani ulizeni kwanza wanaosubiri watakaa wapi.