Jina la Kitabu Si Kichwa cha Barua

Wako walimu, tena walimu hodari, wasemao kuwa kumsumbua mwanafunzi juu ya namna ya kuandika jina la kitabu ni anasa tuliyoachiwa na Waingereza. Lugha yetu, wasema, yajitosheleza kwa upatanisho wake. Mimi sikubaliani nao.

Kweli upatanisho hutufaa mara nyingi. Hapa petu Katubuka, mjini Kigoma, kila mtoto aijua meli ya Liemba. Wachache wajua kwamba Liemba lilikuwa jina la ziwa lenyewe, upande wa kusini, kabla ya kupewa meli hiyo. Mzee akisema Liemba limechafuka, ni ziwa; akisema imechelewa, ni meli. Hapo hatuhitaji alama yoyote.

Lakini tazama sentensi hii: Kusadikika inawafundisha watu kunyamaza. Nchi ni i-, riwaya nayo ni i-. Ikiwa mwandishi asema juu ya nchi aliyoibuni Shaaban Robert, amesema kweli, maana huko Karama alishtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria. Ikiwa asema juu ya riwaya iliyotolewa mwaka 1951, amemsingizia marehemu, kwani *Kusadikika* yafundisha kinyume chake. Mstari mmoja chini ya neno ndio unaotenga ukweli na uzushi. Kinjeketile naye vivyo hivyo. Yuko mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na yuko mhusika wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambaye mtunzi mwenyewe alitahadharisha kuwa ni kiumbe cha fikira. Wote wawili ni a-. Mwanafunzi aandikaye Kinjeketile wa *Kinjeketile* ameonyesha kuwa ajua historia inapoishia na fasihi inapoanzia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitabu kizima, kiwe riwaya, tamthilia au diwani, jina lake hupigiwa mstari likiandikwa kwa mkono, na huchapwa kwa herufi za mlazo. Mstari ule tangu zamani ni agizo kwa mpiga chapa. Shairi moja, au hadithi fupi iliyomo kitabuni, hutiwa katika alama za mtajo.

Tatizo letu halikutoka Uingereza. Limetoka maofisini, nami nakiri kosa kwa niaba ya watumishi wenzangu. Tumezoea kuandika "Yah:" na kufuatisha herufi kubwa tupu zilizopigiwa mstari, iwe habari ya likizo au ya madawati. Sasa kila jina la kitabu laandikwa hivyo, na la shairi, na la sura. Mtoto hajifunzi tena hata kwamba "wa" ya *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, huanza kwa herufi ndogo.

Wataniuliza hasara iko wapi. Miaka kadhaa iliyopita shairi langu moja la beti saba lilitajwa katika orodha ya masomo kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari kama diwani. Nikapata barua ya mwalimu wa mkoa mwingine, akiomba nakala 40 za kitabu hicho kwa darasa lake; fedha, alisema, wazazi wamekwisha kuchanga. Sijapata kuchapisha kitabu hata kimoja. Nilikaa siku mbili nikitafuta maneno ya kumjibu. Hatimaye nikazinakili beti zile saba kwa mkono, nikalitia jina la shairi katika alama za mtajo, nikampelekea.