Tezi Dume na Haya ya Wazee

Mzee mwenye shamba lake huko Kangundo au Mwala aanzapo kuamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, husema ni uzee, au ni baridi ya mwezi wa saba. Mkojo nao hutoka kidogo kidogo, tena kwa kujikamua. Mkewe ajua, lakini wanawe hawaambiwi. Na akifika hospitali ya Machakos akamkuta mwuguzi aliye sawa na binti yake, husema anaumwa na mgongo tu. Wakamba huiita haya hiyo nthoni. Ni adabu njema mbele ya mkwe, bali si mbele ya daktari.

Tezi dume ni kiungo kidogo, kisichozidi ukubwa wa ndimu, kilichokaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo. Kadiri mwanamume azeekavyo tezi hiyo hukua na kuibana njia. Mara nyingi kukua huko si saratani, nako hutibiwa kwa vidonge au kwa kupasuliwa. Lakini mkojo ukiziba kabisa, mgonjwa asingoje mapambazuko; apelekwe hospitali akatiwe mpira.

Saratani ya tezi hiyo ni jambo jingine. Ndiyo iwapatayo wanaume wa Kenya kuliko saratani nyingine zote, na mwanzoni mara nyingi haina dalili. Yule angojaye maumivu huenda akaja kuumwa na mgongo kweli, kwa kuwa ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Kwa hiyo aliyetimiza miaka 50, au mapema zaidi kama baba yake au nduguye aliugua, yafaa amwulize daktari habari za kupimwa. Hutolewa damu kidogo, na pengine daktari huipapasa tezi kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa. Wengi hukikimbia kidole hicho, ijapokuwa kazi yenyewe haimalizi dakika moja. Damu peke yake haikati shauri. Vipande vidogo vya tezi hutolewa vikatazamwe kwa darubini.

Hofu nyingine ni ya kuhasiwa kama fahali. Ni kweli kwamba saratani hii hustawishwa na homoni zitokazo katika korodani. Daktari Charles Huggins wa Chicago alilionyesha jambo hilo mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini siku hizi homoni hizo zaweza kuzuiwa kwa sindano, na wagonjwa wengi waliowahi mapema hutibiwa kwa upasuaji au mionzi.

Mzee mmoja mashuhuri aliutaja ugonjwa wake hadharani: Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyeambiwa mwaka 1997 kuwa anao. Alitibiwa, akarudi kazini, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.