Mashine Iliyosimama Si Mashine Iliyozimwa

Ukiingia katika viwanda vya Industrial Area hapa Nairobi, Thika au Athi River, utaona juu ya mashine nyingi mlingoti mdogo wenye taa za rangi. Kwa kawaida, kijani humaanisha mashine inafanya kazi, manjano kwamba inahitaji kuangaliwa, na nyekundu kwamba kuna hitilafu. Taa hizi humsaidia msimamizi kutambua kwa mbali mashine iliyosimama, ili dakika zisipotee bure.

Hilo ni jambo zuri. Lakini nikiwa daktari, wasiwasi wangu ni juu ya vidole vya yule anayetumwa mbio kuiamsha.

Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mashine iliyotulia huenda inangojea tu bidhaa ifike, kisha iondoke yenyewe. Hata umeme ukikatwa, hewa iliyobanwa, springi au kisu kilichoinuliwa bado vina nguvu ya kuponda mkono. Nayo taa isiyowaka haithibitishi lolote. Pengine balbu imeungua. Isitoshe, wako watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawapambanui vyema nyekundu na kijani. Hao hutegemea mahali taa ilipo, kwa hivyo mpangilio wa rangi uwe mmoja kiwandani kote.

Kwa maoni yangu, taa ni ya kuarifu. Kufuli ndiyo ya kulinda. Kabla ya mkono kuingia ndani, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia, nguvu iliyosalia iachiliwe, kisha ijaribiwe kama mashine itawaka. Kufuli ni rahisi kuliko kidole.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Waajiri wasingoje damu imwagike ndipo kamati iitwe. Nawe mfanyakazi, hata ukiwa kibarua, lipeleke suala hili huko.

Na kidole kikikatika? Bana jeraha kwa kitambaa safi na kuuinua mkono. Kipande kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko usiopenya maji, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kimbieni hospitalini pamoja nacho.