KOFIA YA KISIMANI SI YA BODABODA



Katika kikao kilichopita wengine walipendekeza kikundi chetu cha wachimba visima kinunuliwe kofia 10 za ujenzi, maana ni rahisi. Wengine wakasema helmeti za bodaboda zimejaa kijijini, za nini kutoa fedha za ushirika? Mimi siku ile nilinyamaza. Leo nasema sikubaliani na hoja zote mbili.

Kikundi hiki ndicho tunachokiita pia mtu akitumbukia kisimani au korongoni. Anayeshuka na kamba anafanya kazi chini ya mawe. Jiwe likiponyoka kutoka mdomo wa kisima cha mita 10 linamfikia kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sawa na gari. Na yeye hana pa kukimbilia.

Sasa chukua helmeti ya bodaboda. Ni nzito, nyingi zinapita kilo moja, na huyu mtu kutwa anatazama juu. Shingo itamwambia. Zaidi ya hapo inaziba masikio. Tukipiga kelele "Jiwe!" hasikii. Yeye akisema "Nivuteni", sauti inaishia humo humo ndani.

Kofia ya ujenzi ni afadhali, lakini nayo ina jambo lake. Sisi tuliojifunzia kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, tuna tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata mfuko wa chumvi. Niligeuza kofia ya fundi mmoja nikakuta ndani EN 397, nikaulizia maana yake. Kofia hiyo imetengenezwa hasa kwa kitu kinachoanguka utosini. Mkanda wake wa kidevuni, kama unao, unatakiwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kilo 15 hadi 25 hivi, ili kofia ikinasa isimnyonge mwenyewe. Kwa fundi aliyesimama chini ni sawa kabisa. Lakini wa kwenye kamba anabembea, anajigonga ubavu na kisogo. Kofia ikichomoka kwenye pigo la kwanza, la pili analipokea na nini?

Ya wapanda milima na waokoaji huandikwa EN 12492. Hiyo hupimwa kwa kupigwa utosini, mbele, ubavuni na nyuma, na mkanda wake unatakiwa ushike hata ukivutwa kwa nguvu ya kilo 50. Ni nyepesi, na nyingi zina vishikizo vya kufungia taa.

Najua mtasema ni ghali. Kweli ni ghali! Lakini jamani, kisimani wanashuka watu 10 kwa mara moja? Anashuka mmoja, na mmoja yuko juu tayari kumfuata. Kofia 3 zinatosha, moja ikiwa ya akiba. (Hewa mbaya ya kisimani ni habari nyingine, kofia haiizuii.)

Tusikimbilie za mnadani ambazo hatujui zilikotoka. Plastiki huchoshwa na jua, na watengenezaji wengi hawakubali ipite miaka 10. Tarehe imepigwa mhuri ndani, isomeni. Tusizipake rangi kuandika jina la kijiji, rangi nyingine hula plastiki. Iliyopigwa na jiwe kubwa itupwe hata kama ufa hauonekani. Kabla ya kulipa, ivae, funga mkanda, inama, tikisa kichwa. Ikisogea, rudisha.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Siku ya namna ile anayefika kwanza ni jirani, na jembe lake na kamba, kichwa wazi. Hatujui lini tutaitwa tena.

Hoja yangu ya kofia 3 naileta mkutano wa Jumamosi. Anayepinga aje na kofia yake, tuijaribu hapo mbele ya ghala.

Katibu wa Tawi