Umeme wa makaa ya mawe viwandani: Usipoziba ufa utajenga ukuta

MTAMBO wa umeme wa Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, huchoma mafuta mazito na una uwezo wa kuzalisha megawati 90. Umekuwa ukiiuzia umeme kampuni ya Kenya Power tangu 2010, kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba huo unakaribia ukingoni ilhali wenye viwanda wangali wanalalamikia bei ya umeme.

Kwa mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, kishawishi ni kujijengea mtambo wake mwenyewe. Tanuri huhitaji umeme mwingi usiokatika usiku na mchana, na makaa ya mawe huweza kuutoa.

Indonesia inatoa funzo. Mwaka 2022 serikali yake ilizuia ujenzi wa mitambo mipya ya makaa ya mawe, lakini ikaacha mwanya kwa ile inayohudumia viwanda. Viwanda vya kuyeyusha nikeli vikautumia mwanya huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Kawi ya 2019 humtaka anayezalisha zaidi ya megawati moja kwa matumizi yake apate leseni. Isitoshe, mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ulipokonywa leseni ya mazingira Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025, mahakama mjini Malindi iliitupa rufaa ya kampuni ya Amu Power.

Hata hivyo, Lamu ilimulikwa na ulimwengu mzima. Kiwanda kidogo hakimulikwi hivyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Jomvu, si mbali na Rabai, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi 2007 na kufungwa 2014, baada ya watoto kupatikana na madini ya risasi katika damu. Wakazi walituzwa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, ikafutwa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kifungwe.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Faida ya umeme wa kiwanda humwendea mwenye kiwanda, lakini moshi na majivu huwaangukia majirani. Iwapo ombi la aina hiyo litawasilishwa Pwani, majirani hao hawana budi kusikizwa kabla ya leseni kutolewa, wala si baada ya damu zao kupimwa.