Kiswahili cha jikoni nacho kifundishwe

Muhula uliopita niliingia darasani nikiwa nimebeba mbuzi. Simaanishi mnyama, namaanisha kile kibao cha kuketia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, wote wakisomea ualimu wa Kiswahili, walikuwa wamekwisha kunitajia maana ya neno hilo bila kukosea hata silabi: "Mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi." Wangekoseaje, ilhali orodha ya vifaa vya jikoni waliikariri tangu shule ya msingi? Lakini nilipokiweka kifaa chenyewe mezani, mmoja wao alikigeuzageuza kwa muda, kisha akaniuliza nazi huingizwa upande gani.

Aliyetuokoa ni binti mmoja kutoka Mombasa, ambaye kwa majuma mengi hakuwa amefungua kinywa darasani. Alikiteremsha kibao sakafuni, akaketi ubavu, akasema, "Mwalimu, mbuzi hukaliwa." Kisha akatueleza jinsi nazi iliyokunwa hutiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu, machicha yakabaki, jinsi tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, huwekwa kando, na jinsi mbaazi zilizokwisha kuiva huungwa kwa tui jepesi kwanza, kasimile ikatiwa mwishoni huku mpishi akikoroga bila kuchoka, tui lisije likakatika.

Hapo darasa zima liliinua vichwa. Juma lililotangulia tulikuwa tumeichambua kauli ya kutendeka kwa saa mbili nzima, mifano yetu ikiwa ni kamba na vijiti, na hakuna aliyekumbuka kwamba tui nalo hukatika, mafuta yakajitenga na maji na mchuzi ukafanya chengachenga. Mimi mwenyewe sikukumbuka, na nakiri kwamba niliona haya.

Baadaye nilimwuliza binti huyo kwa nini hushika kimya. Alinieleza kwamba alipokuwa shule ya upili aliandika insha juu ya nyanya yake akipika kaimati mwezi wa Ramadhani, akasema kwamba shira "ilivuta uzi". Mwalimu wake alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Sukari haina uzi." Tangu siku hiyo aliamini kwamba Kiswahili cha kwao ni kibovu.

Simlaumu sana mwalimu yule. Aghalabu tunasahihisha kwa kadiri ya tulivyofundishwa, na yeye hakuwahi kusimama kando ya sufuria ya shira, akabana tone kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaviachanisha polepole aone kama kutatokea uzi. Shira isiyovuta uzi hutiririka na kuziacha kaimati zimelowa. Iliyopitiliza hugeuka mawe. Usemi ule si pambo la insha. Ni kipimo, na nyanya yake alikitumia pasipo saa wala kipimajoto.

Neno kaimati lenyewe lastahili kipindi kizima. Waarabu wa Ghuba husema luqaimat, yaani vitonge vidogo, kutokana na luqma, tonge. Mombasa tunasema kaimati. Watanzania wengi husema kalimati, na ajuaye Kiarabu akilisikia hilo hutabasamu, kwa kuwa kalimat kwake ni "maneno". Hamira na mahamri nayo yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuchachuka. Mwanafunzi aliyeviumua vitu hivi kwa mikono yake hahitaji kubembelezwa asome sura ya maneno ya mkopo.

Lakini ataviumulia wapi? Somo la Sayansi ya Nyumbani shuleni hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Somo la Kiswahili nalo huyachukua majina ya vyombo na kuyapanga kama bidhaa dukani, bila vitendo vyake. Isitoshe, tangu mkutano wa mwaka wa 1928 uipendekeze lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji (na mkutano wenyewe, ajabu ya mambo, ulifanyika Mombasa), tumezoea kulitilia shaka kila neno la Mvita au la Lamu ambalo hatukulikuta kitabuni. Usanifu una faida zake, wala sikusudii kuubomoa. Nakataa tu kalamu nyekundu iliyo na haraka kuliko sikio.

Najua nitaambiwa kwamba mtoto wa Machakos au Nyeri hana mnazi. Sawa, lakini ana muthokoi, ambao mahindi yake hukobolewa kinuni, yakapepetwa, yakachemshwa na kunde au maharagwe. Ana githeri, ambayo kamusi zetu huiita pure na Watanzania huiita makande. Kukoboa, kupepeta, kuloweka, kuponda: vitenzi vyote hivyo vipo katika Kiswahili, navyo vinasubiri mtu wa kuvitumia katika sentensi yenye moshi ndani yake.

Vitabu vya shule za upili vimekwisha kuiweka resipe miongoni mwa tungo za kiuamilifu. Basi mlango uko wazi. Mwalimu asiwape wanafunzi mfano wa keki walioukuta kitabuni. Awatume kwa mama, kwa shangazi, kwa mwuza vitumbua wa njiani, wayaandike maelezo kama yalivyotamkwa, na mjadala wa sanifu na lahaja uje baada ya hapo.

Darasa langu nimekwisha kulipa agizo hilo la muhula ujao, na kazi italetwa juma la nne. Yule binti ameniomba ruhusa ya kuleta kaimati pamoja na karatasi yake. Nimemwambia alete, ila alama ni za karatasi.